Je, degedege litarudi?

Pole sana dada. Umeuliza kama degedege la homa lililompata mwanao wa miezi 14 huko Igoma, Mwanza, litarudi. Linaweza. Katika watoto 10 waliowahi kupata, kama 3 hivi hupata tena, wengi ndani ya mwaka mmoja. Aliyeanza kabla ya kutimiza mwaka mmoja ana uwezekano mkubwa zaidi, karibu nusu kwa nusu, na hata akiwa na mzazi au ndugu aliyewahi kupata, uwezekano unapanda. Wengi huacha wakifika miaka 5 au 6. Kifafa baadaye huwapata wachache sana.

Panado humpunguzia maumivu ya homa, lakini haizuii degedege lisirudi, kwa hiyo usijilaumu kwamba ulichelewa kumpa.

Likirudi, mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, angalia saa. Zikipita dakika 5, au likimrudia siku hiyohiyo, au asipoamka vizuri, mkimbize hospitali.

Tena sisi wa kandokando ya ziwa malaria tunaijua. Kila akipata homa, apimwe siku hiyohiyo, maana malaria kali nayo huleta degedege, na homa ya uti wa mgongo pia. Nakusihi dada, bibi akisema sindano itamuua, afukizwe moshi kwanza, mwitikie kwa heshima huku unatafuta bodaboda. Wapo watoto waliopotea kwa kucheleweshwa hivyo, na inaniuma.