Swali bovu haliponi kwa kuongeza sampuli

SWALI: Nasoma shahada ya uzamili, utafiti wangu ni wa wakulima wa mahindi Kilosa. Msimamizi amenirudishia dodoso kwa sababu ya swali hili: "Je, kipato na hali yako ya maisha vimeboreka baada ya kupata mafunzo na pembejeo bora? Ndiyo/Hapana." Pembeni kaandika "halipimi kitu." Mwenzangu anasema niongeze sampuli kutoka watu 120 hadi 400, kisha nipime alfa ya Cronbach, ikivuka 0.7 niko salama. Ni kweli?

JIBU: Si kweli, na ushauri huo nimeuchoka. Hiyo 400 najua inakotoka: ni fomula ya Yamane ya kukadiria ukubwa wa sampuli, ambayo ukiweka kosa la asilimia 5 na wakulima wakiwa wengi, jibu huishia karibu na hapo. Inapunguza kosa la bahati katika kuchagua watu, basi. Umewauliza nini, haijui. Ukiwauliza watu 400 swali hilo utapata majibu mabovu 400, na nauli ya bodaboda juu yake.

Alfa nayo hupima kama maswali kadhaa ya jambo moja yanakwenda pamoja. Lako ni moja, limesimama peke yake. Hata yangekuwa kumi, kwenda pamoja si kuwa sahihi: mizani iliyochezewa nayo hutoa uzito uleule asubuhi na jioni.

Mwaka 1992 kampuni ya kura za maoni ya Roper iliwauliza Wamarekani swali lenye ukanushi ndani ya ukanushi kuhusu mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi. Asilimia 22 walionekana kusema kuwa huenda hayakutokea, na nchi ikashtuka. Mwaka 1994 swali likaandikwa upya kwa lugha nyoofu, wakabaki asilimia 1 hivi. Kilichobadilishwa ni sentensi. Kwetu ukanushi ni hatari zaidi: muulize mtu "Huna choo?" akujibu "Ndiyo," halafu uniambie utaweka tiki wapi.

Sasa lako. Umefunga mambo mawili upande mmoja na mawili upande wa pili; aliyehudhuria mafunzo lakini mbolea haikumfikia ajibu nini? Na neno "kuboreka" linamwonyesha jibu unalolitaka. Mgeni mwenye karatasi akiuliza kama mradi umesaidia, mkulima mwenye adabu zake, anayetumaini mbolea ya mwakani, atasema ndiyo.

Uliza kinachohesabika. "Msimu wa masika uliopita ulivuna magunia mangapi ya mahindi?" Usiishie hapo, maana gunia la lumbesa, lile lililojazwa kupita kiasi, si gunia la kilo 100; uliza linaingia debe ngapi. Kisha: uliuza mangapi, kwa bei gani, shamba lilikuwa ekari ngapi. Mafunzo yawe na swali lake, mbegu lake, mbolea lake. Kama maisha yameboreka, hilo utalitafuta wewe mezani kwa kulinganisha waliopata na wasiopata. Usimtwishe mkulima kazi ya uchambuzi wako.

Ukimaliza, wasomee wakulima wachache ambao hawamo kwenye sampuli, na baada ya kila swali waambie wakueleze kwa maneno yao wameulizwa nini. Usiwajaribie wenzako wa darasani. Wao wanajua unachotaka kusema.

Kinachonikera zaidi ni biashara iliyozaliwa hapa. Karibu na vyuo siku hizi hukosi kijana wa stesheneri anayekuuzia dodoso la kunakili, anakuchambulia kwa SPSS, programu ya takwimu, na data ikikataa "anaisafisha" mpaka alfa ipendeze. Majedwali hutoka yamenyooka kweli. Lakini hakuna programu inayoweza kurudi Kilosa kumuuliza mkulima kama ile "ndiyo" yake ilikuwa ya mafunzo au ya mbolea, na kwenye utetezi atakayeulizwa si huyo kijana. Miradi nayo inanunua huduma hiyohiyo, kisha ripoti inasema asilimia 90 ya wanufaika wameridhika. Mkikutana na sentensi ya namna hiyo, ombeni kwanza kuliona swali lenyewe lilivyoandikwa. Wakikataa kulionyesha, hiyo asilimia iacheni hapohapo.