Harusi Mtwara, wageni wanatoka Dar: watalala wapi na usiku nani anawarudisha?

Kwenye kamati za harusi za ukoo wetu hapa Mtwara kazi ya usafiri na malazi huwa naichukua mimi, wengi wanakimbilia mapambo na chakula lakini mi naipenda hii maana mgeni akifika salama na akalala pazuri hata pilau likichelewa anavumilia, ila akilala vibaya hiyo harusi itasemwa mpaka kwenye harusi ya mtoto atakayezaliwa.

Anzeni na tarehe jamani. Sisi wa kusini tunajua hela ya korosho ikitoka ndo kila mtu anataka kuozesha, sasa minada ikianza mwezi wa kumi mji unajaa, kuna wanunuzi, kuna madereva wa malori, wote wanatafuta chumba kilekile unachotafuta wewe. Harusi ikiangukia Novemba au Desemba shika vyumba miezi miwili mitatu kabla, na kushika maana yake umelipa advansi ukapewa risiti yenye tarehe, sio umeongea na dada wa mapokezi kwenye simu akakwambia haina shida njooni tu. Masika nayo ina yake. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar maeneo ya Kilwa na magari yakakwama, kwa hiyo harusi ya miezi hiyo wageni waambieni watoke siku mbili kabla, asitokee mzazi wa bwana harusi yuko Somanga na huku shehe ameshafika.

Dar mpaka hapa ni kilometa kama 560, ni siku nzima. Watu wanapenda kukodi kosta kwa sababu ni rahisi, kwa vijana sawa, ila mama mkubwa mwenye miguu inayovimba usimkalishe kwenye kosta umbali huo, bora mchangie mkodi basi kubwa au mmkatie tiketi ya basi la kawaida siku moja kabla, kiti cha mbele. Gari la kukodi muulizeni mwenye gari kibali cha safari hiyo cha LATRA, wale wanaosimamia usafiri wa ardhini, kabla hamjampa hela, maana mkisimamishwa Kibiti hana kibali wanaokaa juani ni wageni wenu sio yeye. Na pangeni mapema mnakula wapi, Ikwiriri au Nangurukuru, wazee wenye sukari hawawezi kukaa tu mpaka dereva aone njaa. Wanaotoka Masasi na Nachingwea wao wanajua njia, wapeni tu namba ya mtu wa kuwapokea stendi.

Malazi sasa. Nenda mwenyewe ukaone chumba, na nenda jioni wakati watu wote wanaoga, fungua bomba uone maji yanatoka au yanadondoka, washa feni, angalia chandarua kama kina matundu, uliza umeme ukikatika kuna jenereta au la. Mi huwa na daftari, kila ukurasa guesti moja, naandika namba ya chumba na JINA la anayelala, siandiki "wageni wa Dar vyumba sita" kwa sababu hapo ndo wanapoanza kugombania usiku wa manane mtu na mkwe wake wamesimama koridoni. Wazee vyumba vya chini karibu na choo. Vijana tunawagawa kwa majirani na ndugu, huku kwetu mtu akikwambia nina chumba na mikeka anamaanisha, wewe peleka mchele na sukari kwenye hiyo nyumba usimwachie mwenyeji mzigo. Na nani analipa lisemwe wazi kwenye grupu la familia kabla watu hawajafunga safari, hakuna aibu kumwambia mtu kamati inalipa siku mbili ya tatu utajilipia, aibu ni kuambiwa na mhudumu asubuhi umeshika begi.

Ila linalosahaulika kuliko yote ni kurudi kutoka ukumbini. Kwenda kila mtu ana gari, saa sita usiku mziki umezimwa hakuna hata bajaji, shangazi na gauni lake refu anaambiwa apande bodaboda mpaka Mikindani, hapana jamani. Dereva alipwe mpaka tripu ya mwisho na nusu ya hela abaki nayo mtu wa kamati mpaka mgeni wa mwisho ashuke mlangoni kwake. Tripu ya kwanza iwe saa nne, ya wazee na wenye watoto wachanga, wasisubiri keki. Kama nyumbani ni ng'ambo, Msanga Mkuu au kwa wenzetu wa Lindi kule Kitunda, ulizeni kabisa pantoni la mwisho saa ngapi, na sherehe ndo ilifuate pantoni, maana lenyewe haliwezi kuifuata sherehe.

Na dereva wa basi la Dar mpeni chumba chake, chakula chake kitoke mapema alale, msimweke ukumbini mpaka usiku mkubwa afu alfajiri mnamkabidhi watu hamsini awarudishe.