Mngurumo wa amplifaya: anza na ethi, kebo baadaye

Kaka, unasema amplifaya yako inanguruma na unataka kununua kebo ya bei mbaya ili inyamaze. Usinunue. Huo mngurumo wa chini usioisha mara nyingi unatoka kwenye ethi, yaani waya wa usalama unaopeleka umeme uliovuja ardhini, na kebo nene haiugusi.

Jaribu hivi kwanza: zima vyote, chomoa waya wa dishi kwenye king'amuzi, kisha washa tena. Mngurumo ukinyamaza, umempata mchawi: ethi inazunguka kwa njia mbili, ya plagi na ya waya wa dishi. Chomeka king'amuzi, televisheni na amplifaya sehemu moja, usikie tofauti. Fundi akikwambia ukate waya wa ethi kwenye plagi ili kelele iishe, mlipe nauli aondoke. Bodi ya nje ya amplifaya ni chuma; ikivuja bila ethi, umeme utapita kwako wewe ukiigusa.

Halafu kuna udongo wetu wa Dodoma. Kiangazi ardhi inakauka kama tofali, na fimbo ya ethi, ile ya chuma inayozamishwa ardhini, ikichomekwa kijuujuu inakuwa pambo tu. Mwambie fundi aipime kwa mashine, izamishwe zaidi au ziongezwe fimbo, na kwenye ubao wa umeme wa nyumba iwepo breka ya kukata umeme unapovuja.

Laini ya peke yake kutoka kwenye ubao, waya wa milimita 2.5 za mraba, ndiyo pesa yenye maana, hasa kama sasa hivi amplifaya inagawana soketi na friji. Amplifaya inayovuta wati 1,000 kwenye volti 230 haifiki hata ampea 5, kwa hiyo waya huo unatosha na chenji inabaki.