Vyombo vya mawese: chukua majivu
Dada uliyeuliza utoe vipi mafuta ya mawese kwenye vyombo bila sabuni ya maji: hapa Ujiji majivu ya kuni yapo, tena bure. Yachekeche, yaloweshe kidogo, sugua kwa dodoki. Yana chumvi kali inayokata mafuta kama magadi, ndiyo maana sahani huanza kuteleza mkononi kama imepakwa sabuni. Suuza na maji ya moto. Sufuria za alumini usiziloweke humo usiku kucha, zinaliwa. Shombo la samaki kama migebuka limalize kwa limau. Ila nakusihi sana, limau au siki usichanganye kamwe na Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo: hutoa gesi ya klorini, na hiyo inaumiza mapafu.