Ile muvi uliyoniuliza

Mwanangu, salama? Huku Dodoma upepo umetuchosha, leo nimefagia sebule mara mbili na vumbi bado limekaa juu ya tivii.

Sa lile swali lako la juzi kwenye simu, eti mama umekaaje masaa mawili na muvi ambayo mwenyewe unasema haina kichwa wala miguu. Nikakuaga nikasema maharage yanaungua. Hayakuwa yanaungua. Ukweli ni kwamba kwenye ile muvi nilikuwa namwangalia yule kijana anayeigiza, basi.

Na wala sijaanza leo. Miaka ya 90 pale Majengo kulikuwa na banda la video, magunia ukutani kuziba mwanga, mabenchi yenye misumari inachana sketi, mi na shangazi yako tunajibana hapo kumwangalia Mithun Chakraborty. Huyo bwana filamu yake ya kwanza kabisa, ya 1976, ilimpa tuzo ya taifa ya India ya muigizaji bora, hiyo sijawahi hata kuiona, sisi tulimjulia kwenye ile ya disko ya 1982 tukaenda naye hadi alipohamia Ooty, mji wa kusini mwa India, akawa anazitoa za bei chee fasta fasta, steringi yule yule, adui yule yule, mama mtu analia, ukichelewa nusu saa hujakosa kitu. Tulijua ni mbovu! Ila akigeuza ile shingo, nywele zimefunika masikio, shangazi yako ananifinya paja mpaka naota alama.

Tena picha mbovu ina raha yake. Nzuri inakubana, ukizubaa kidogo umepotea, unaanza kuuliza watu. Hii mbovu inakuachia nafasi, unaona mtu anavyokunja mikono ya shati, anavyomeza chai, na waongozaji nao wajanja, staa wa hivyo lazima anyeshewe mvua hata kama stori iko jangwani.

Ukauliza baba yako alikuwa haoni wivu. Alinuna wiki nzima, halafu akaanza kufuga nywele, mafuta kopo zima, zikagoma kulala, zikasimama wima hivyo hivyo, watu wa Kizota wakamchoka. Mwisho akalipa kiingilio akaja kukaa nyuma yetu kimyaa. Tunatoka, namuuliza umeonaje, akasema stori ya kipumbavu, ila yule dada aliyecheza kwenye maporomoko ya maji anaitwa nani?

Sa hivi yuko hapo sebuleni na tamthilia ya Kituruki, ile iliyoingizwa Kiswahili. Kila siku anasema ni upuuzi mtupu. Juzi umeme ulikatika katikati, akaenda kuimalizia kwa jirani na taulo kiunoni.

Kwahiyo kamuulize na yeye. Usimwambie mimi ndo nimekutuma.

Mama