Krismasi hii, jibu kwa kinywa chako mwenyewe

Sisi tunaopanda kwenda Machame, kwetu Kilimanjaro, kila Desemba tunaijua sikukuu yetu: basi la kutoka Dar es Salaam, nguo mpya za watoto, mtori wa ndizi na nyama asubuhi, mbuzi, mbege (pombe ya ndizi) ya wazee, na ibada ya mkesha ambapo ukoo unajaza benchi mbili. Nilifanya hayo yote miaka mingi. Wamisionari Walutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika Machame mwaka 1893. Babu alibatizwa, baba akabatizwa, nami nikaona jibu la nyumba yetu kwa Yesu lilishatolewa zamani.

Kilichonigutusha hakikuwa mahubiri. Asubuhi moja ya Krismasi mama aliniambia nimpe ng'ombe chakula kabla hatujaenda kanisani. Nikakatakata shina la mgomba, nikaenda kulimwaga kwenye hori. Ndani kulikuwa na ute wa mate, mabaki meusi ya jana, na mbao za pembeni zilikuwa zimelainika kwa kulambwa. Nikabaki nimesimama na ndoo mkononi. Luka sura ya 2 nimeisikia tangu sandeskuli, lakini sikuwahi kuwaza kwamba hori yenyewe ni hii hii, inayonuka hivi. Halafu yakanijia maneno ya malaika kwa wachungaji: amezaliwa kwa ajili yenu. Basi ni kwa ajili yangu pia, mimi niliyekuwa na kinyongo na kaka yangu hata siku ile.

Niliomba pale pale zizini, kwa Kichagga, kwa sababu ndiyo lugha niliyolilia nayo utotoni. Nakushauri ufanye hivyo. Achana na maneno ya kwenye kitabu cha sala kwa dakika chache, umwambie Mungu kwa maneno yako kwamba umesikia na unampokea. Kama bado unasitasita, mwambie hilo pia. Hakuna sababu ya kumficha.

Kisha mwambie mtu. Najua Mariamu aliyaweka yote moyoni akayatafakari, na siudharau ukimya wa namna hiyo. Ila mimi ukimya niliutumia kama maficho, na wanaume wengi wa kwetu tuko hivyo: habari za shamba tutazisema, za moyo hapana. Wachungaji walieleza walichoambiwa kuhusu mtoto, na walikuwa watu wa kawaida kabisa. Usingoje meza ya mchana, watu wameshakunywa na kila mtu anazungumza. Wala usihubiri. Mimi nilimkuta mama jikoni anakoroga mtori, nikamwambia, "Mama, leo nimempokea Yesu mimi mwenyewe, si kwa sababu ya baba." Akaweka mwiko chini, akanishika mashavu kwa mikono inayonukia vitunguu. Hakusema neno.

La mwisho ndilo gumu, na kwangu lilikuwa la siku ile ile. Kaka yangu mkubwa nilikuwa sijampa mkono kwa miaka minne, kisa mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, hatua mbili tatu tu za ardhi. Mwenye kwao Uchaggani anajua mpaka wetu hupandwa masale, mimea ya majani marefu membamba. Anajua pia kwamba jani hilo hilo la sale ndilo unalolibeba ukienda kuomba msamaha, na anayeletewa huona vigumu sana kulikataa. Nikalikata moja kwenye mpaka ule ule tuliokuwa tukiugombania, nikavuka.

Nilimkuta uani anachuna mbuzi.

"Shikamoo, kaka."

Aliitikia bila kuinua kichwa. Halafu akaliona jani. Akalitazama kwa muda mrefu, kisu mkononi, vidole vyote damu. Nilidhani ananifukuza. Akaita mtoto alete maji, akanawa mpaka kwenye viwiko, akajifuta kwa shati lake la sikukuu, ndipo akalipokea.