Tausi dume kapukutika manyoya: usiogope

Wa alaykum salaam, ndugu yangu wa Wete. Unasema dume lako limepukutisha manyoya yote marefu ndani ya wiki chache, na jirani anakwambia ndege kapatwa na husda. Hasha. Anabadilisha manyoya tu. Tausi dume hufanya hivyo kila mwaka msimu wa kupandana ukipita, na mapya huota taratibu kwa miezi kadhaa.

Tena yale manyoya marefu si mkia hasa. Mkia wenyewe ni yale manyoya mafupi ya kahawia yaliyo nyuma, ndiyo yanayoushikilia ule urembo anapoutandaza. Okota unyoya mmoja uugeuze juani: lile doa lake mfano wa jicho litahama kutoka buluu hadi kijani, kisha shaba, kwa jinsi mwanga unavyoupiga. Mimi sichoki kuutazama.

Kinachonitia wasiwasi ni kwamba umemfungia banda moja na kuku. Mtenge leo hii. Minyoo ya kuku hubeba vijidudu vinavyoshambulia ini la tausi. Ukiona kinyesi cha manjano na mbawa zimelegea, muite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Kwao India na Sri Lanka hushinda chini wakiparura nafaka, wadudu, hata vijoka, na magharibi hupanda mtini kulala. Kwa hiyo mwekee boriti ya juu, mbali na ngawa, na banda pana asije akayavunja manyoya mapya yakichomoza.